Chaja ya Mama Vyumba

Mara kwa mara mtu hubisha hodi kwetu akitafuta chumba cha kupanga. Ameambiwa huko barabarani, "Nenda kwa Mama Vyumba." Huja na mkewe, wengine huja na godoro kabisa juu ya mkokoteni, na mke wangu huwakaribisha, huwakalisha kwenye benchi, kisha huwaeleza kwa upole kwamba vyumba vyake ni vya masikioni. Mwenye godoro hukasirika. Mimi hucheka mpaka nikohoe, halafu ndipo namwelekeza kwa jirani mwenye vyumba vya kweli.

Mke wangu anauza vitu vya simu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu: chaja, makava, vioo, betri. Hivyo ndivyo vinavyotulisha. Jina, hata hivyo, alilipata kwa kazi nyingine, ya kulinganisha hedifoni. Sisemi zile zinazoning'inizwa kwenye vibanda kama mboga. Nasema zile ndogo za kutia ndani ya sikio ambazo ukimtajia bei mtu asiyejua, atakuuliza kama zinakuja na pikipiki. Wapo watu mjini wenye ugonjwa huo: daktari wa meno, mhasibu, mwalimu wa hesabu, dobi, msichana anayesomea sheria. Wana grupu lao kwenye simu, na Jumamosi mchana hukusanyika kwetu, kila mtu na kiboksi chake, kama watu waliokuja kuonyeshana pete za uchumba.

Niseme mapema kwamba mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Wananiita Nyundo. Masikio yangu yalikwenda na maji zamani, kwa kugonga bati bila kuziba pamba, kwa hiyo nikizungumza napiga kelele, na nikiandika nadhani ni vivyo hivyo. Anayetaka hadithi ya kunong'onezwa akaitafute kwingine.

Kabla ya duka, mke wangu alikuwa mpokea simu katika kampuni ya bima. Alikaa katika chumba kisicho na dirisha, akiwaunganisha watu na watu, na kwa mazoea akafika mahali pa kujua mpigaji yuko chumba gani kabla hajajitaja jina. Huyu yuko koridoni. Huyu yuko stoo, amezungukwa na makaratasi. Siku moja alimwambia mkurugenzi, "Mzee, toka kwanza bafuni ndipo nikuunganishe," na nusura amwage unga. Baadaye kampuni ilileta mashine ya kupokea simu, yeye akapewa saa ya ukutani na maneno mazuri. Saa ilikufa mapema. Alichokitaka hasa alikichukua mwenyewe: kile kiti chake cha kuzunguka, walipokuwa wanakitupa nje. Nilikipigia chuma kipya chini, tukakiweka nyuma ya kaunta.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa daktari wa meno. Alileta hedifoni waya umekatika. Mke wangu aliulehemu, akazijaribu, akazitoa masikioni akasema, "Hii ni sebule yenye zulia. Aliyeitengeneza hapendi ugomvi." Daktari akashika kiuno. Alikuwa amesoma maelezo ya wataalamu mpaka macho yakamtoka, yenye michoro na mishale, na hakuna aliyemwambia kitu alichokielewa haraka namna ile. Kesho yake alileta nyingine, na keshokutwa akaleta mwenzake.

Ndivyo alivyofanya kazi. Ile ambayo besi yake inamfunika mwimbaji aliiita ukumbi wa harusi: umealikwa, umekula, lakini bibi harusi humwoni kwa ajili ya spika. Ile safi mno, inayokuonyesha kila pumzi na kila kosa, aliiita chumba cha daktari, kila kitu kinaonekana na hutaki kukaa. Nyingine ilikuwa jikoni, kwa maana mwimbaji yuko karibu kabisa na wewe lakini hakuna nafasi ya kugeuka. Nyingine darasa siku ya likizo, ina nafasi tele na baridi. Watu walikuwa wanabishana wiki nzima kwenye grupu, kisha wanamaliza kwa kusema, "Tumsubiri Mama Vyumba."

Alisikiliza rekodi zilezile tatu siku zote. Ya kwanza ni mwanamke anaimba peke yake bila ala yoyote. Ya pili ni mvua juu ya bati. Ya tatu ni mimi. Alinirekodi karakanani nikigonga mlango wa gari, pigo moja, kisha akanizuia nisipumue mpaka mlio ufe wenyewe. Alisema kila hedifoni inaufukia mlio wa nyundo yangu kwa namna yake. Nyingine huufukia kabla haujafa, nyingine huuacha ukachoma. Na kabla ya kulinganisha mbili, alihakikisha zinalia kwa ukubwa mmoja, kwa sababu, alisema, inayopiga kelele zaidi hushinda siku zote, "kama mume wangu nyumbani." Watu walicheka. Nami nilicheka, nikijua kwamba sauti ya nyundo yangu imeingia katika masikio ya watu wenye pesa zao. Si haba.

Jambo moja alikuwa mkali nalo. Hapokei zawadi. Hedifoni ikishasikilizwa inarudi kwa mwenyewe na boksi lake, hata vimpira vya akiba vya kuingia sikioni anavihesabia mkononi mwa mtu. Alikuwa anasema ukishakula cha mtu, ulimi unakuwa mzito.

Sasa basi. Mwagizaji mmoja wa hapa mjini alileta hedifoni mpya, magamba ya chuma, waya uliosukwa kama nywele. Mke wangu alikaa nazo, akazisikiliza kwa utaratibu wake, akabadilisha vimpira mpaka vikakaa sawasawa, kisha akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu. Nilikuwepo alipousema. "Hiki ni chumba cha kulala, mapazia mazito, asubuhi ambayo huendi kazini. Nyundo ya mzee wangu imeviringishwa kitambaa. Hakuna kinachochoma. Unaweza kulala nazo." Mwagizaji aliuchukua ujumbe ule akausambaza mji mzima, na watu wakanunua.

Kisha manung'uniko yakaanza. Wa kwanza alikuwa Mhasibu, ambaye ana hedifoni nyingi kuliko watoto na anazijua kama watoto. Aliandika kwa adabu: "Mama, unisamehe, lakini mimi sioni mapazia hapa. Mwimbaji akitamka 's' ni sindano. Nyundo ya Mzee Nyundo inanipasua kichwa." Wa pili akasema hivyohivyo, na wa tatu. Mwalimu wa hesabu akaandika lisemwalo lipo. Lipo lipi? Hakusema. Mwisho Mhasibu akaliweka wazi: "Yako mawili. Ama mama amekula kwa mwagizaji, ama sisi wote ni wagonjwa. Jumamosi tukutane atueleze. Kama hana maelezo, apishe kile kiti."

Nilisoma maneno yale nikiwa nimesimama, nikachukua nyundo. Sikuwa na nia ya kuitumia, lakini mtu mwenye hasira lazima ashike kitu.

"Rudisha hiyo," mke wangu alisema. "Kesho utaitafuta."

"Wamekuita mla rushwa!"

"Nimesoma. Usinipigie kelele, mimi si mlango wa gari."

Hasira yangu ni moto wa kifuu, huwaka na kuzima. Ya kwake haionekani, na haizimi. Alimwomba mwagizaji zile hedifoni kwa siku moja zaidi, akaketi kwenye kiti chake, akaanza upya. Alibadilisha vimpira. Alibadilisha simu. Alizivaa kushoto kulia, kulia kushoto. Mwanamke aliimba, mvua ikanyesha, mimi nikagonga, tena na tena, asubuhi nzima. Nilipoingia kutafuta maji ya kunywa nilimkuta ameshika hedifoni kwenye kiganja.

"Nasikia mapazia, mzee," alisema. "Naapa nasikia mapazia."

Sikuwahi kumwona hivyo. Mwanamke huyu alimtoa mkurugenzi bafuni, na sasa alikuwa ananitazama mimi, kiziwi wa karakana, kama mtu anayeomba shahidi.

Binti yetu alifika mchana. Yeye ni fundi umeme wa majumbani, na siku anazofanya kazi upande wetu huja kula kwetu bila kutoa taarifa. Aliingia na mkoba wake wa vifaa, akasimama katikati ya duka, akakunja uso.

"Shikamoo mama. Hii chaja inapiga mluzi namna hii, mnakaaje nayo?"

"Mluzi gani?" niliuliza mimi.

"Huu. Mwembamba. Unaingia mpaka kwenye meno." Alinyoosha mkono nyuma ya kiti cha mama yake, akachomoa chaja moja ukutani. "Afadhali."

Mimi sikusikia tofauti yoyote, na hilo halikuwa ajabu. Lakini nilimgeukia mke wangu ili acheke uziwi wangu kama kawaida yake, na hakuwa anacheka. Huyu ni mtu aliyewahi kurudisha katoni zima la chaja kwa muuzaji wa jumla kwa sababu moja ndani yake ilikuwa inapiga mluzi. Muuzaji alimwambia hasikii kitu, na yeye akamjibu kwamba hiyo ni shida ya muuzaji.

"Ichomeke tena," alimwambia binti yake.

Akaichomeka.

"Inalia sasa?"

"Inalia, mama. Kwani hui..." Hakumaliza.

Mke wangu aliitazama ile chaja na kitaa chake kidogo cha kijani. Kisha akasema, "Toa simu yako. Tafuta ile sauti inayopanda, mnayopimia spika. Sote watatu, tuinue kidole. Sauti ikikuishia, unashusha."

Tuliketi kaunta, simu katikati. Sauti ilianza nene chini, ikapanda. Kidole changu kilishuka mapema mno, nikacheka, nikasema basi mimi nimeshafika kituoni. Sauti ikaendelea huko wanakoijua wao. Kisha kidole cha mke wangu kikashuka.

Cha binti yetu kilibaki juu. Alikuwa anaitazama simu, hakuwa ametuona. Kilibaki juu, kikabaki juu, na mimi nikatamani kukikamata nikirudishe mezani.

"Shusha basi, mwanangu," nilisema.

"Lakini bado inalia, baba."

"Mwache," mke wangu akasema. "Acha ilie."

Alikitazama kidole kile mpaka mwisho wake. Niliumia, na sioni aibu kulisema. Mimi masikio yangu niliyauza mwenyewe kwa kazi. Ya kwake alikuwa ameyatunza kama mboni ya jicho, alikuwa anaziba kwa pamba hata akinipitia karakanani, na bado yakaondoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga.

Chakula kilipoa. Binti yetu alimshika mama yake mkono. "Mama, ni umri tu. Zinaanza kuondoka zile sauti za juu, kwa kila mtu. Waambie unapumzika. Hakuna haja ya kueleza sababu, na hakuna atakayejua."

"Apumzike nini!" nilisema. "Waambie wao ndio wabovu. Nani atathibitisha?"

Mke wangu alitutazama kwa zamu. "Wewe unataka niondoke kimya ili waseme kweli alikula. Na wewe unataka niseme uongo. Sijala cha mtu, uongo sisemi, na siondoki."

"Sasa utawaambia nini?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Nitawaambia yalivyo. Ila hiyo chaja usiitupe."

Jioni ile alinifuata karakanani, jambo asilolipenda. Aliniambia nigonge. Niligonga mlango uliokuwa mbele yangu. Akasogea karibu, akasema tena, nikagonga tena. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Unajua nilikuwa nadhani nini?" alisema. "Nilidhani umezeeka, siku hizi unagonga polepole."

Jumamosi walijaa. Benchi halikutosha, wengine wakakalia maboksi ya makava. Mhasibu alikuja na shati lililonyooshwa na hedifoni zake ndani ya kiboksi, kama mtu anayeleta ushahidi mahakamani. Mwagizaji naye alikuja, amekaa karibu na mlango. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la ndani kwa amri ya mwenye nyumba, nyundo nimenyang'anywa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, nani alisema nimekula?"

Wote walikuwa na la kutazama sakafuni. Kisha Mhasibu akasema, "Mimi, mama."

"Ahsante. Napenda mtu anayesema mbele ya mtu. Mwagizaji, zile hedifoni ziko wapi?"

"Ulizirudisha, mama. Mara zote mbili. Na boksi."

"Uliniachia nini?"

"Hata soda ulikataa."

"Basi hilo limekwisha. Mlisema yako mawili, ama nimekula ama ninyi ni wagonjwa. Lipo la tatu hamkulifikiria." Akaweka simu juu ya kaunta. "Inueni vidole. Sauti ikikuishia, shusha. Asidanganye mtu, hapa hakuna zawadi."

Wakainua, watu wazima na elimu zao, kama darasa la kwanza. Sauti ikapanda. Kidole cha mke wangu kilishuka, akakishusha polepole ili kila mtu akione. Cha dobi kilishuka pamoja nacho. Vya wengine vikabaki vimesimama. Cha Mhasibu kilikwenda mbali, na cha msichana wa sheria kikawa cha mwisho, peke yake hewani.

"Mmeona cha kwangu kimeshuka wapi," mke wangu alisema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na mimi nyuma ya pazia nilikuwa natetemeka kwa niaba yake. "Juu ya hapo sina habari. Zile hedifoni zinachoma huko juu, na mimi huko sifiki. Nyinyi mko sahihi. Nilivyosikia ndivyo nilivyosema, lakini nimewaambia watu wote ni laini, na si laini kwa watu wote. Mwagizaji, ule ujumbe wangu uufute kila ulikoupeleka."

Hapo ndipo huruma ilipoingia, na huruma yao ilinikera kuliko matusi yao. Mhasibu alivua miwani. "Mama, pole sana. Hatukujua. Tunaomba radhi kwa tuliyoyasema. Umetufaa mno. Tutakuandalia hafla ndogo ya kukuaga, upumzike kwa heshima."

"Nani amesema napumzika?"

"Lakini mama, utahukumuje kitu usichokisikia?"

Swali lilikuwa la haki, nalikubali, ingawa nilitamani kulinyoosha kwa nyundo.

"Sitakihukumu," alisema. "Ninachokisikia ndicho nitakachokihukumu, na ninasikia kingi. Wewe umeshusha kidole kabla ya msichana huyu wa sheria. Umempisha nani?"

Mwalimu wa hesabu akaguna kwamba mambo ni mambo, kipimo kikishaharibika hubadilishwa. Mke wangu akamwambia, "Mimi si rula, mwanangu."

Ndipo dobi akakohoa. Dobi ni mzee mtaratibu, kazi yake ni pasi kutwa, na katika mikutano yote ile nadhani hakuwahi kuongea zaidi ya salamu. "Mimi nilizinunua kwa neno la mama," alisema. "Nazivaa nikipiga pasi. Ni chumba cha kulala. Kina mapazia. Mlipokuwa mnalalamika kwenye grupu nilinyamaza, nikadhani mimi ndiye mjinga."

"Huna ujinga wowote," mke wangu akamwambia. "Una masikio kama yangu, na watu kama sisi ni wengi huko nje, na wao pia wana pesa zao na wanapenda nyimbo." Akazunguka na kiti chake, akawakabili wote. "Kuanzia leo, yeyote anayetoa hukumu katika chumba hiki anainua kidole kwanza. Watu waone kinashuka wapi, ndipo aseme. Mimi nitaanza, kila Jumamosi. Asiyetaka kuonyesha kidole chake, asitake kiti cha mtu."

"Na zile za juu?" Mhasibu aliuliza, kwa sauti ndogo sasa. "Nani atatuambia?"

"Mzee!" aliita, nami nikatoka nyuma ya pazia kwa haraka ya mtu aliyekuwa anangoja. "Leta kiti kingine. Kiweke hapa, pembeni ya changu. Pembeni, nimesema, si mahali pake." Akamwonyesha Mhasibu. "Kaa. Mimi nitawaambia chumba, wewe utawaambia dari."

Si wote walioridhika. Mwalimu wa hesabu aliondoka na wenzake wawili, wakafungua grupu lao, na nasikia huko wanatumiana michoro yenye mishale. Waende salama. Waliobaki walibaki. Mke wangu na Mhasibu walikaa viti viwili Jumamosi hadi Jumamosi, wakibishana kama mtu na dada yake, na ilifika mahali watu wanakuja kwa ajili ya ule ubishi kuliko hedifoni zenyewe.

Ile chaja binti yetu aliifungua, akaikagua, akasema haina hatari, ina makelele tu. Mama yake aliichomeka ukutani palepale nyuma ya kiti, na haijachomolewa tena. Nilidhani ni ukaidi. Kumbe ni kazi. Mteja wa hedifoni akiingia akakunja uso, akageuza kichwa kutafuta kinacholia, mke wangu anajua masikio ya mtu huyo bado yanafika juu, na anamshushia boksi la zile laini ambazo hazitamchoma. Mteja akikaa ametulia, anazungumza habari za jua na bei ya umeme, anamshushia zile kali ambazo vijana wanazikimbia, na mteja anazivaa na uso wake unafunguka. Wengine humwambia, "Mama, chaja yako inapiga mluzi." Huwajibu, "Najua. Ndiyo karani wangu."

Miaka imepita hivyo. Nywele za Mhasibu zimeingia majivu, watoto wake wanamtumia picha za wajukuu. Jumamosi moja hivi karibuni alifika mapema kuliko wengine, akaketi kwenye kiti chake, akanyoosha miguu.

"Leo hapa kumetulia," alisema.

Mbele ya kaunta palikuwa na msichana wa shule amekuja kubandikiwa kioo cha simu, na alikuwa ameziba sikio moja kwa kidole. Nilitazama ukutani. Kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka. Mke wangu alikuwa ameshaona kabla yangu. Alimaliza kubandika kioo, akamruhusu msichana aende, akafuta mikono yake taratibu kabisa. Kisha akaitoa simu, akaiweka kaunta.

"Tuanze kabla hawajaja," alimwambia. "Inua kidole."

Mhasibu aliinua, akitabasamu, kama mtu anayetimiza desturi ya nyumba. Sauti ikapanda. Cha mke wangu kilishuka, na cha Mhasibu kikashuka nyuma yake kidogo tu. Alibaki anaitazama simu.

"Imezima?"

"Haijazima," alisema mke wangu.

Alikitazama kidole chake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mwisho akachukua kiboksi chake cha hedifoni, akashika mkono wa kiti ili anyanyuke. "Basi, mama," alisema. "Nadhani zamu yangu..."

"Kaa hapo," mke wangu alisema. "Mimi nilimpisha nani?"

Akakaa. Nami nikatumwa kuleta kiti cha tatu, cha yule msichana wa sheria.